Nani Alaumiwe, Chuma au Chumvi?

Kiswahili kina namna mbili za kuizungumzia kutu, na namna hizo hazikubaliani. Tukisema chuma kimeshika kutu, chuma ndicho mtendaji: kimenyoosha mkono na kushika. Tukisema chuma kimeliwa na kutu, chuma ni mhanga, kilikaa zake kimya mpaka mlaji akaja. Sisi wa Mtwara, tunaoishi na upepo wa bahari mwaka mzima, tunatumia kauli zote mbili bila kufikiri, mara nyingine kwa bati lilelile, siku ileile. Tofauti yake ilianza kunisumbua pale kauli hizo zilipoanza kutumika kwa kaka yangu.

Kaka alikuwa karani wa mizani katika ghala moja la korosho. Bandari yetu ilijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza ambazo hazikuja, na kwa miaka mingi imeishi kwa korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani kwetu mwaka 2007, korosho ya mkulima hupitia chama cha msingi, hupelekwa ghala kuu, hupimwa, na kinachoandikwa pale ndicho kinachokwenda mnadani. Karani wa mizani ana kalamu tu, lakini kalamu hiyo ndiyo inayoamua mtoto wa nani ataenda shule Januari.

Misimu miwili iliyopita iligundulika kwamba magunia yaliyopita mikononi mwa kaka yalikuwa yanapungua kwenye karatasi: nusu kilo hapa, robo tatu pale. Hakuwa peke yake, lakini saini ilikuwa yake. Alifukuzwa, akauza pikipiki, deni likalipwa, na shauri halikufika mahakamani. Sasa kuna mtu yuko tayari kumwajiri kwenye stoo ya vifaa karibu na bandari. Mwajiri huyo anataka mdhamini, na kaka ameniomba mimi.

Nyumbani kuna kambi mbili. Shangazi anasema kashika kutu mwenyewe. "Wangapi wamepita kwenye mizani ileile wakatoka na mikono mitupu? Ni tabia yake." Mama anasema mwanawe ameliwa. Mshahara ulichelewa miezi, wakubwa waliagiza kwa macho bila maneno, na kijana mwenye watoto wawili angefanya nini? Kila mmoja anapomaliza hunigeukia na kusema, "Wewe ndiye msomi, unasemaje?"

Ninasoma shahada ya uzamili ya urithi wa utamaduni. Hakuna kozi iliyonifundisha kujibu swali hilo. Kilichonisaidia ni matangi mawili ya kusafishia filamu.

Tasnifu yangu inahusu hifadhi ya picha za studio za mwambao. Wengi wanaijua Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Lakini miji mingi ya pwani ilikuwa na studio zake ndogo zisizoandikwa popote, na moja ilikuwa Chikongola. Mwenye studio hiyo amestaafu, na mtaa mzima unamwita Fundi. Alipiga picha za vitambulisho vya makuli na mabaharia, picha za harusi, picha za watoto waliovalishwa viatu vya kuazima. Negativu zake ziko kwenye makopo ya maziwa ya unga. Nilikwenda kwake kuzihesabu, lakini chumba chake cha giza kilikuwa bado kina vyombo vyake, na vyombo vikanivuta zaidi ya negativu.

Matangi hayo ni ya stenlesi, yalinunuliwa pamoja, duka moja, mwaka mmoja, na kuletwa na baharia aliyemfahamu. Kwa mbali yanang'aa kama sufuria za shughuli. Tangi la kwanza, la dawa ya kutoa picha, ni zima. La pili, la dawa ya kukaza picha, ile ambayo mafundi huiita fiksa, lina vitundu kama vya sindano pale kitako kilipounganishwa na ubavu. Ukilijaza maji, huchungulia tone, likadondoka, kisha jingine.

"Babu," nikamuuliza, "hiki si ndicho chuma kisichoshika kutu?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, hicho kilishika kutu kabla sijakinunua. Ndiyo maana hakikushika tena."

Nilidhani ananitania. Nilipokwenda kusoma, nikakuta amesema kweli.

Chuma cha kawaida kikikutana na hewa na unyevu, kutu yake ni laini na inabanduka. Ikibanduka, chuma kipya kinabaki wazi, nacho kinaliwa, mpaka kinaisha. Stenlesi imechanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Aina ya kawaida, inayoitwa 304, ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Kromiamu huiwahi oksijeni na kutengeneza ngozi ya oksidi yenye unene wa nanomita chache tu, ilhali unywele mmoja wa binadamu una makumi ya maelfu ya nanomita. Ngozi hiyo haibanduki. Ukiikwaruza kwa msumari, hewa inaifunga tena papo hapo.

Harry Brearley wa Sheffield, mmoja wa watu waliokivumbua chuma hiki, alikuwa mwaka 1913 akitafuta kitu cha kutengenezea mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Jina ambalo Kiingereza kilikipa chuma hicho linaahidi kwamba hakitapata doa. Jina hilo linapotosha, na nadhani limepotosha hata fikra zetu kuhusu watu. Tunamsifu mtu "asiye na doa" kana kwamba hakuna kilichowahi kumgusa. Stenlesi imeguswa. Iliguswa siku ya kwanza, ikajibu, na inaendelea kujibu kila siku kwa msaada wa hewa. Ukiinyima hewa, ahadi yote inavunjika.

Hapo ndipo vitundu vinapoanzia. Maji ya pwani na upepo wake vina kloraidi, na kloraidi hupenya pale ngozi ilipo dhaifu. Mahali palipo wazi, hewa huziba kabla madhara hayajawa makubwa. Lakini kwenye mwanya wa mshono, chini ya kibanio, au chini ya dawa iliyogandia, oksijeni iliyomo huisha na mpya haiingii. Ngozi inashindwa kujirudisha, na shimo linaanza. Ndani ya shimo, maji yanageuka kuwa tindikali na kuvuta kloraidi zaidi, kwa hiyo kadiri shimo linavyokua ndivyo linavyopata urahisi wa kukua. Mdomo wake ni mdogo lakini tumbo lake ni pana. Kwa juu unaona alama ya rangi ya chai, au huoni kitu kabisa.

Tangi la kwanza Fundi alikuwa akilimwaga kila jioni, akalisuuza kwa maji baridi na kulifudikiza likauke. La pili lilikaa na fiksa wiki nzima chini ya mfuniko, kwa sababu fiksa hutumika tena na tena, na kuipata Mtwara ilikuwa kazi. Mtu anaweza kusema dawa zenyewe hazilingani kwa ukali, na ni kweli. Lakini hata tangi hilo la pili halikutoboka kote. Fiksa iligusa kila sehemu ya ndani, na ubavu wake mpaka leo unang'aa. Limetoboka mshononi tu. Chuma ni kilekile na dawa ni ileile, kwa hiyo hakuna kati ya hivyo viwili kinachoweza peke yake kueleza kwa nini shimo liko pale na si sentimita tatu juu yake.

Nikiwa na hilo kichwani, nilirudi kuzisikiliza upya kambi mbili za nyumbani.

Shangazi hajakosea kabisa. Vyuma havifanani. Kuna aina ya 316, iliyoongezewa molibdenamu kama asilimia 2 hadi 3, ambayo huistahimili kloraidi zaidi, ndiyo maana hupendekezwa kwa vyombo vya baharini na vya dawa za picha. Kuna pia chuma cha kawaida, ambacho kikitumbukizwa kwenye fiksa iliyokwisha kutumika hufanya jambo ambalo Shangazi angelipenda kwa mahubiri yake. Fiksa hiyo imejaa madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu. Chuma kikiingia humo, chenyewe kinayeyuka na fedha inachukua nafasi yake. Maabara kubwa za picha zilirudisha fedha yao kwa njia hiyo. Kaona fedha, kajitoa mwenyewe! Watu pia wako wa namna hiyo, nami nawajua.

Lakini hata 316 hutoboka ikiachwa kwenye mwanya wenye maji ya bahari yaliyotuama. Kwa hiyo swali la Shangazi, wangapi wamepita kwenye mizani ile wakabaki wasafi, lina swali jingine nyuma yake: wangapi kati yao waliachwa nayo peke yao? Kama hatujui hilo, hatuwezi kusema wao ni wa madini bora. Huenda walipita ubavuni.

Mama naye hajakosea kabisa. Shinikizo lilikuwepo. Lakini chumvi peke yake haitoshi kuwa maelezo, na hili nalo nilijifunza kwenye chumba kile. Fiksa ndiyo inayoifanya picha idumu. Bila hiyo picha ingeungua kwa mwanga. Lakini fiksa hiyohiyo isipooshwa vizuri ikabaki kwenye karatasi, miaka baadaye salfa yake huungana na fedha ya picha, na sura za watu zinageuka manjano na kufifia. Salfa hiyohiyo ndiyo wakulima wetu wanayopulizia mikorosho kupambana na ubwiri unga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilibainika kwamba maji ya bahari huitoa fiksa kwenye karatasi haraka kuliko maji baridi, mradi mwishoni usuuze kwa maji baridi kuiondoa chumvi. Chumvi ile ambayo Mama angeilaumu ndiyo inayoiokoa picha. Madhara yanakuja ikiachwa ibaki.

Na kuna jambo jingine linalonitatiza katika utetezi wa Mama. Ukisema mtu ameliwa, umemsamehe, lakini pia umemfanya kitu. Huwezi kumwomba gunia lililotobolewa na panya likueleze. Huwezi kulidai neno. Kumlaumu mtu, kwa kiasi na kwa haki, ni namna ya kumwambia kwamba bado tunamhesabu miongoni mwa wanaoweza kujibu. Kaka mwenyewe hapendi anapotetewa hivyo. Huinuka akatoka nje.

Siku moja aliniambia jinsi ilivyoanza. Ilikuwa usiku, malori yamepanga foleni, mizani inasitasita kati ya namba mbili, mwenye mzigo haruhusiwi kuingia kuangalia. Akaandika ile ndogo. Hakupata chochote siku hiyo, alikuwa amechoka tu. "Mdogo wangu," akasema, "siku ya kwanza hakuna aliyeniuliza. Siku ya pili nikawa naogopa kuulizwa." Baada ya hapo waliojua mianya walimjia wenyewe.

Maneno yale ni tindikali ya shimoni. Kosa la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba hewa kidogo ingeliziba: mkulima mmoja akichungulia namba, karani wa pili akisoma daftari, mtu akiuliza. Haikuwepo. Kosa likaanza kujitengenezea mazingira yake, na hofu ya kuulizwa ikazaa kosa la pili kwa urahisi kuliko la kwanza.

Ukishuka gatini Mtwara utaona jinsi meli zinavyojilinda. Kwanza ni rangi: inatenga chuma na maji, na inafaa mpaka itakapopasuka. Pili ni vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya maji. Zinki huliwa kwanza ili ubavu wa meli usiliwe. Familia yetu imetumia njia zote mbili. Rangi ni pale tulipowaambia majirani kwamba kaka ameacha kazi afanye biashara. Zinki ni Mama. Nilisema deni lililipwa. Lililipwa kwa kiwanja chake, kimyakimya, na yeye sasa ana miaka 61. Kila aliyefanya kazi melini anajua zinki huisha, na ikiisha bahari inaanza na meli yenyewe. Njia ya tatu, ile ya stenlesi, hatujaijaribu.

Hofu yangu ni kwamba mtu atasikia "hewa" akafikiria kamera, misako, kupekuliwa simu. Chumba cha giza chenyewe kinanionyesha tofauti. Filamu ikiona mwanga imeharibika, kwa hiyo Fundi aliziba kila ufa kwa kitambaa cheusi na gundi. Lakini mvuke wa dawa ungemdhuru, kwa hiyo alitengeneza tundu ukutani lenye mbao zilizopishanishwa, hewa ikapita kwa kupinda na mwanga ukakwama njiani. Kila chumba cha giza kilichojengwa vizuri kina kitu cha namna hiyo. Mwanga unazuiwa, hewa hairuhusiwi kukosekana.

Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya faragha na siri. Faragha ni giza lenye hewa: mambo yako hayaanikwi mtaani, lakini kuna mtu anayeweza kukuuliza, nawe ukamjibu. Siri ni mwanya uliofungwa. Na kwetu mara nyingi heshima ndiyo mfuniko wake. Kumuuliza mtu mzima kuhusu kazi yake, fedha zake, saini zake, huonekana kumvunjia adabu, hasa kama ni mkubwa wako. Tunamwamkia, tunamuuliza habari za nyumbani, za safari, za watoto, anajibu nzuri, nzuri, nzuri. Salamu zetu ndefu zinapita ubavuni na haziufikii mshono.

Mfano wangu una mwisho wake. Chuma hakiwezi kuita hewa. Tangi la Fundi halikuwa na njia ya kusema, nifungue. Kaka alikuwa nayo. Kati ya siku ile ya kwanza na siku alipokamatwa kulikuwa na miezi ambayo angeweza kumwambia mtu mmoja, na sehemu hiyo ya lawama ni yake, hakuna ghala wala mshahara uliochelewa unaoweza kuibeba. Lakini waliomweka usiku peke yake na mizani na daftari moja walijenga mshono usiopitisha hewa, kisha wakashangaa maji yanavuja. Lawama hiyo nayo ina wenyewe. Sioni kwa nini moja lazima iifute nyingine. Kushika na kuliwa vyote vilitokea, na Kiswahili kilikuwa sahihi kubaki na kauli mbili.

Fomu ya udhamini ina sentensi moja inayonitaka nithibitishe kwamba mwombaji ni mwaminifu. Sijui mtu anaapaje hivyo. Tangi zima la Fundi lilihitaji kusuuzwa jana na litahitaji kusuuzwa kesho, na uzima wake wa leo haunipi haki ya kuliapia mwakani. Nilikwenda kwa mwajiri nikamwambia nitasaini, lakini nikaomba stoo ihesabiwe na watu wawili na daftari lisomwe na mtu wa tatu kila wiki. Akaniangalia kama mtu anayemharibia ndugu yake riziki. Nikamweleza kwamba ombi hilo ndilo dhamana yenyewe. Akakubali.

Kaka ilikuwa vigumu zaidi. Nilimwomba kila Ijumaa anionyeshe namba zake. Alikasirika, akaniuliza tangu lini mdogo akamkagua mkubwa. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na wewe, hizo fedha za utafiti ulizopewa, nani anakuuliza?"

Nilifikiri jibu na sikulipata. Kuna ripoti ninayopeleka chuoni mwisho wa mwaka, yenye namba nilizoziandika mwenyewe.

Kwa hiyo Ijumaa tunabadilishana madaftari. Yeye anaanza na langu.